Nataka kumchukua kasuku wa kijivu, je, tundu hili litamfaa?

Nahodha77

Wakuu, habari za jioni.

Nina mfanyakazi mwenzangu anahama nchi mwezi ujao. Ana kasuku wa kijivu, wale wenye mkia mwekundu, umri miaka 11, na safari hiyo hawezi kwenda naye. Kaniambia kama namtaka nimchukue bure. Ndege mwenyewe ni kituko: anapiga mluzi, anaigiza mlio wa simu mpaka watu wote sebuleni wanajipapasa mifukoni. Nimemwona mara tatu. Mara ya tatu alining'ata kidole damu ikatoka, lakini ndiyo hivyo, moyo umeshapenda.

Tatizo langu ni tundu. Lile analokaa sasa limechakaa. Nimeona jingine la duara, rangi ya dhahabu, juu lina kuba, kipenyo sentimita 40 na kimo 70. Zuri mno, kama pambo. Nataka kuliweka jikoni karibu na dirisha apate hewa na mwanga. Naishi peke yangu, natoka saa 1 asubuhi narudi saa 12 jioni.

Swali ni moja tu: litamfaa?

Kisirani

Litakufaa wewe. Yeye halitamfaa.

MamaKwaru

Nahodha, usimjali huyo, ingawa kasema kweli. Mimi nina kasuku wa kijivu, huu mwaka wa 19, na kabla yake nilifuga cherero wawili, wale kasuku wadogo. Ninachokuambia nimekilipia kwa vidole vyangu.

Chukua rula. Kasuku wa kijivu akikunjua mabawa, toka ncha hadi ncha ni karibu nusu mita. Tundu lako lina sentimita 40. Hawezi hata kujinyoosha humo, sembuse kupiga mabawa. Kipimo cha chini ambacho wafugaji wengi hukitaja kwa ndege wa umbo lake ni upana 60, kina 60, kimo 90, na hapo tunazungumzia ndege anayetolewa nje kila siku, hilo la ndani akilitumia kulala na kula tu. Ukipata upana wa 90 ndiyo vizuri. Ukiambiwa uchague kati ya refu na pana, chukua pana. Haya matundu marefu membamba kama mnara yanatengenezwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi.

Halafu hilo duara. Ndege akishtuka hutafuta pembe, apate kitu mgongoni. Duara halina pembe. Na kule juu kwenye kuba vyuma vinasogeleana kidogo kidogo hadi nafasi inakuwa kama ufa, hapo ndipo kidole cha mguu hunasa. Tazama pia vyuma vyenyewe vimekaaje. Kasuku hupanda kwa mdomo na miguu kama mtu na ngazi, anataka vyuma vilivyolala, angalau pande mbili. Vikiwa vyote vimesimama wima anateleza tu kama mtoto kwenye nguzo.

Jikoni ndiko nilikosimama nikashika kichwa. Vile vikaango visivyogandisha chakula vina utando wa PTFE, wengi wanaujua kwa jina la Teflon. Ukisahau kikaango mtupu motoni kikapata moto kupita kiasi, hewa inayotoka humo humuua ndege kwa dakika chache. Wewe utahisi harufu tu, pengine hata harufu huisikii. Mapafu ya ndege yana mifuko ya hewa iliyosambaa mwilini, yanafyonza hewa vizuri kuliko yetu, kwa hiyo na sumu yanaifyonza vizuri kuliko yetu. Kuna wenye pasi na hita zenye utando huohuo, nazo zisome maelezo yake. Ubani, dawa ya mbu ya kupuliza, manukato ya hewani, sigara, vyote viondoke alipo.

Umetaja saa zako za kazi. Hilo nimeliacha makusudi, nitalirudia.

FundiGeti

Mie kazi yangu kuchomelea vyuma, utaalamu wa ndege sina. Ila nimetengeneza matundu ya kasuku yapata kumi na tano, na la kwanza nililiharibu.

Lilikuwa la kasuku wangu mwenyewe. Nilichukua wavu ule unaong'aa, uliozamishwa kwenye zinki ili usishike kutu, nikaona nimempa kitu cha kudumu. Kasuku yeye kazi yake kutafuna. Wiki kadhaa baadaye akaanza kutapika, hali chakula, miguu haina nguvu, amejikunyata chini ya tundu. Daktari akauliza swali moja tu: tundu la nini? Zinki. Alitibiwa akapona, lakini nilikoma.

Kwa hiyo chuma cha pua ndicho bora, hakina rangi ya kubanduka wala kutu. Kikikushinda, chukua chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ile ya unga inayookwa kwenye tanuri, na uhakikishe haina madini ya risasi wala zinki. Hiyo nayo ikianza kubanduka, tundu limekwisha kazi. Hiyo "dhahabu" ya kwako mkuu sijui ni nini, na kama muuzaji naye hajui, iache hapohapo dukani.

Nafasi kati ya chuma na chuma: kwa kasuku wa kijivu sentimita 2 hadi 2.5. Cherero na vile vikasuku vidogo vya Australia wanataka kama 1.2, ikizidi hapo wanatoa kichwa. Makau, wale kasuku wakubwa kabisa, ni 2.5 kupanda hadi karibu 4. Kichwa kikipita mwili utajaribu kufuata, hapo ndipo watu huamka asubuhi wakakuta msiba. Na unene wa chuma uangalie, usipime nafasi peke yake. Waya mwembamba mdomo ule unaupinda kama sindano ya nywele.

La mwisho, vitasa. Mlango mkubwa watu hukumbuka kuufunga. Wanasahau vile vilango vidogo vya vyombo vya chakula, vinavyopanda na kushuka. Kasuku hukaa anakutazama unavyovifungua, kisha siku anayotaka anavifungua. Weka kufuli au ndoano ya kubana kwenye kila mlango, hata ule wa kupitisha kidole.

Nahodha77

Mmh. Nimeuliza tundu, naona naposwa.

Sawa, la duara nimeliacha, na jikoni nimekubali. Nitatafuta la mstatili, niliweke sebuleni. Kuna kingine?

Kisirani

Kipo. MamaKwaru kasema atarudi, kaa vizuri kwenye kiti.

Huru_Angani

Samahanini kuingilia. Mnajadili vyuma vya jela kana kwamba swali la jela lenyewe limeshajibiwa. Huyu ni ndege wa misitu ya Afrika, porini huruka kilomita nyingi kwa siku kutafuta chakula, hulala kwa makundi ya mamia. Mwaka 2016, kule Johannesburg, nchi za mkataba wa CITES, ule wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini, zilimpandisha hadi Kiambatisho cha I, daraja la juu kabisa la ulinzi, na uamuzi ukaanza kutumika Januari 2017. Sababu ilikuwa nini? Kukamatwa kwa ajili ya matundu kama haya, pamoja na misitu kukatwa. Kuna nchi ambazo zamani walikuwa wengi, leo utazunguka siku nzima usimwone. Kwa nini tuendelee?

MamaKwaru

Huru, sina ubishi na wewe hata kidogo. Ningekuwa naanza leo, nikijua ninayoyajua, nisingenunua. Tena Nahodha, kabla ya lolote mwambie mwenzako akupe karatasi za ndege, na umtazame pete ya mguuni. Pete iliyofungwa mzima, isiyo na kiungo, huvalishwa kifaranga akiwa bado mdogo, kwa hiyo ni dalili kwamba kazaliwa mikononi mwa watu. Sheria za kummiliki zinatofautiana nchi na nchi, ulizia ofisi ya wanyamapori ya kwako kabla hujambeba. Bila karatasi usimguse.

Lakini huyu yupo tayari, ana miaka 11, na mwenye naye anaondoka. Ukimfungulia dirisha aende zake hajui mwewe ni nini wala tunda linatafutwaje. Atakufa na njaa akiigiza mlio wa simu. Swali lililobaki ni nani atakaa naye.

Sasa hesabu yako, Nahodha. Siku ina saa 24. Kazini na njiani ni 11. Kasuku anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 12, gizani, bila televisheni, la sivyo anakuwa na hasira na anaanza kuumwa. Weka 11. Zimebaki mbili. Katika hizo mbili wewe ule, uoge, ufue, upige simu, usafishe trei. Yeye anapata nini? Nusu saa?

Tundu lina ukubwa wa aina mbili. Wa kwanza FundiGeti kaupima. Wa pili unapimwa kwa saa ambazo mlango wake upo wazi. Ukiwa na tundu la mita mbili lisilofunguliwa, bado ni dogo.

Wa kwangu aliwahi kukaa peke yake miezi minne, nilipokuwa namuuguza mtu wa karibu nikawa nashinda nje. Chakula alikuwa nacho, vitu vya kuchezea alikuwa navyo. Akaanza kujinyonyoa kifuani. Kwanza unyoya mmoja mmoja, nikadhani anabadilisha manyoya. Nikaja kukuta ngozi. Kichwa tu ndicho kilichobaki na manyoya kamili kwa sababu mdomo haufiki kichwani. Nilirudi nyumbani mazima, na mpaka leo, miaka sita imepita, upande wa kushoto haujaota vizuri.

Mwanafunzi_wa_Jana

Nyongeza. Someni habari za Alex. Alikuwa kasuku wa kijivu wa mtafiti Irene Pepperberg, alinunuliwa katika duka la wanyama huko Chicago mwaka 1977, akafa 2007. Alijua maneno zaidi ya 100, alitaja rangi na maumbo, alihesabu vitu hadi 6, na ukimwonyesha vitu viwili alisema vinafanana kwa nini na vinatofautiana kwa nini. Akili hiyo uiache ikitazama ukuta saa 11 kila siku?

Kisirani

Mimi nina degree na nautazama ukuta saa 8 kila siku, na hakuna anayenihurumia.

Tabibu_wa_Mabawa

Natibu wanyama, na ndege ni sehemu ya kazi yangu. Niguse yale ambayo hayajaguswa.

Kabla ya kumchukua, kaa naye chumba kimoja saa kadhaa. Kasuku wa kijivu, pamoja na jamaa zake kokatuu na kokatieli, hutoa vumbi jeupe la manyoya, kila siku, si msimu. Mwenye pumu au kifua chepesi atajua mapema. Kuna pia ugonjwa wa bakteria aitwaye Chlamydia psittaci unaohama kutoka kwa ndege kwenda kwa binadamu, huanza kama mafua makali na unaweza kufika kwenye mapafu. Unatibika kwa antibiotiki, lakini daktari wako hatauwaza kama hukumwambia una ndege nyumbani. Ndege apimwe kabla hajahama.

Tafuta sasa, si siku ya kuumwa, daktari anayejua ndege. Wengi wetu tumesomea ng'ombe na mbwa. Kasuku huficha ugonjwa, maana porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa. Ukimwona amevimbisha manyoya, yupo chini ya tundu, jua ameumwa siku nyingi. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya gramu. Wengi wao wako kati ya gramu 400 na 500. Ukishuka bila sababu, mlete hata kama anaimba.

Chakula: muulize mwenzako anakula nini. Akisema alizeti tu, tuna kazi. Mbegu peke yake zina mafuta mengi, vitamini A kidogo, kalsiamu kidogo, na kasuku wa kijivu huyu ana tabia ya kupungukiwa kalsiamu hadi kutetemeka. Kumbadilishia chakula ni kwa wiki nyingi, polepole. Parachichi hapana. Chokoleti, kahawa, pombe, hapana. Na usimpapase mgongo wala chini ya mabawa hata akiinama kuomba, hiyo kwake ni lugha ya mwenza. Kichwa na shingo panatosha.

Nahodha77

Nimesoma yote mara mbili. Ile hesabu ya MamaKwaru imeniudhi siku mbili nzima kwa sababu nimeirudia na sipati jibu jingine.

Vipi nikichukua ndege mdogo badala yake? Kokatieli?

MamaKwaru

Kokatieli huishi miaka 15 hadi 20, vile vidogo vya Australia 5 hadi 10, cherero 10 hadi 15. Kasuku wa kijivu 40 hadi 60. Muda wa ndoa unapungua, ndoa haipungui. Naye kokatieli ataita ukitoka. Wawili wadogo wanaoliwazana, kwenye tundu pana, kwa mtu wa saa zako, ndiyo walau lingekuwa jambo la kufikiria. Lakini jiulize kama unawataka wao, au unamtaka yule aliyekung'ata.

Nahodha77

Yule aliyening'ata.

Nahodha77 (baada ya wiki saba)

Wakuu, nimerudi na mrejesho, samahanini nimechelewa.

Sikumchukua. Nilikuwa napita kwa mwenzangu kila jioni kwa wiki mbili nikijidanganya kwamba nitabadilisha zamu kazini. Maombi yalikataliwa. Siku ya mwisho ya wiki ya pili nikaenda na shangazi yangu, kwa sababu gari lilikuwa lake. Ana miaka 61, amestaafu, nyumbani kila siku, kifua hakina shida. Alikaa kwenye kiti akafuma kitambaa chake, hakumwita ndege wala kumnyooshea mkono. Baada ya saa moja kasuku akashuka, akatembea sakafuni, akapanda mguu wa kiti kwa mdomo, akakaa kwenye mkono wa kiti akitazama uzi. Mimi wiki mbili nampelekea karanga ananikimbia.

Karatasi zipo, pete ipo, ofisi ya wanyamapori wamemwandikisha kwa jina la shangazi. Tabibu mwingine amempima, hana ugonjwa, ila alizeti ilikuwa nyingi kama ulivyosema. Sasa anakula chembechembe za kutengenezwa na majani, karoti anaitupa.

Tundu nimechonga kwa fundi, nikampa maelezo ya FundiGeti yalivyo: upana 90, kina 60, kimo 120, nafasi sentimita 2, rangi ya unga, chini wavu na trei ya kuvuta, magurudumu manne. Lipo pembeni mwa sebule, kuta pande mbili, dirisha mbali kidogo ili akichoka na jua ajitoe. Vijiti vya kutua nilinunua vitatu laini vinavyofanana, shangazi akavitoa vyote akaweka matawi ya mti wa bustanini ambao haujawahi kupigwa dawa, manene na membamba. Nilipomuuliza kwa nini, akasema wewe ungependa kuvaa kiatu kimoja maisha yako yote?

Tulilileta tundu kuukuu pia, tukayatazamanisha milango wazi. Siku 9 hakuingia. Analala juu ya tundu lake bovu kama mlinzi. Siku ya 10 shangazi akatundika kile kitambaa alichokuwa anafuma ndani ya tundu jipya, akaingia kukitafuna.

Kuhusu miaka: ndege akifika 40 shangazi atakuwa na 90. Tumekaa tukaandika kwamba baada yake ni mimi. Wakati huo nitakuwa nimestaafu, ile hesabu itakuwa imebadilika.

Huru_Angani

Sikutegemea kusema hivi. Sawa.

Tabibu_wa_Mabawa

Kitambaa hicho mwambie akiondoe. Nyuzi humviringa mguu, na akizimeza huziba koo.

Nahodha77

Kimeshaondoka mkuu, amewekewa mbao laini na karatasi za kuchana. Sasa sebule nzima ni karatasi.

FundiGeti

Safi. Kufuli umeweka?

Nahodha77

Mlango mkubwa nimeweka.

FundiGeti

Na vile vilango vya vyombo vya chakula?

Nahodha77

Jana saa 11 alfajiri shangazi kaamshwa na simu. Katafuta kitandani, katafuta sebuleni. Ilikuwa inalia juu ya kabati la vyombo.